Takibi kwenye Ufukwe wa Mutsamudu

Ninyi wa dawati la Kiswahili mliniomba niwaachie maandishi kabla sijakabidhi ufunguo wa kabati. Ufunguo nimeshaukabidhi, maandishi ndiyo haya, na yamechelewa kama kila kitu katika ofisi yetu. Msitafute humu habari za vyeo. Nilipanda mara mbili tu, na mara ya pili walinihamishia chumba chenye feni mbovu. Nimechoka, nasema kweli, na mtu aliyechoka huandika yale yaliyomganda kichwani, mengine huyaacha yaende zake.

Nianze na siku ya kwanza. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Ikoni, huku Komoro, na nilipoletwa kisiwani kwao Ngazidja nilikuwa na Kiswahili safi na Kingazidja cha kuchekesha watu. Kifaransa nilikipata shuleni kwa viboko. Mwaka wa 1978, mamluki walipoingia kutoka baharini, sikuwa na kazi. Nilikuwa nikishinda mtaa wa Badjanani katika duka la mjomba wangu, napima mchele na kusikiliza wanunuzi wakinong'ona. Kwa mliozaliwa baadaye: Wazungu wachache wenye bunduki walishuka ufukweni usiku, na kulipokucha tukawa na wakubwa wapya. Askari wao walivaa sare nyeusi katika jua lile letu, nami kila nikiwaona nilikuwa nawaonea joto. Walikaa zaidi ya miaka kumi.

Miaka michache baada ya hapo, mtu mmoja wa wizarani alikuja dukani kununua sukari, akanisikia nikibishana na mfanyabiashara wa Tanga kwa Kiswahili. Akaniuliza kama naweza pia kuiandika lugha hiyo. Nikasema naweza. Kesho yake nilikuwa katika ofisi ya chumba kimoja mbele ya Mjapani mwembamba aliyevaa kandambili. Alisimama, akaniinamia, kisha akasema, "Hujambo, bwana. Habari za nyumbani? Mimi naitwa Sugita. Kifaransa sijui hata cha kuombea maji."

Sugita alikuwa amefundisha uvuvi na ufundi wa injini katika pwani ya Tanzania kwa miaka mingi. Wakubwa wake huko kwao waliangalia ramani, wakaona Komoro iko karibu, wakadhani Kiswahili chake kitamtosha. Hakikumtosha. Lugha zetu na Kiswahili ni ndugu, lakini ni ndugu wasioelewana mpaka mtu akae katikati yao. Mtu huyo nikawa mimi, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, bila mtihani wala usaili.

Chombo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa pete ya chuma yenye vikadi vidogo vya karatasi ngumu. Sugita alitaka nijue maneno ya Kijapani ya kazi, ili nisome maandishi kwenye masanduku ya vipuri. Upande mmoja wa kadi aliandika neno kwa herufi zetu, upande wa pili akauacha mtupu. Sharti lake lilikuwa moja: nisiandike maana mpaka niwe nimekiona kitu chenyewe au nimekifanya.

"Kamusi itakupa neno jingine," aliniambia. "Mimi nataka nikupe kitu."

Neno sabi, yaani kutu, nililipata siku tulipofungua sanduku la kwanza la injini. Neno la kuomba radhi nililipata nilipomwaga chai juu ya ramani yake. Kadi ya theluji iko tupu hadi leo, na mkitaka kuniletea theluji nyumbani, mlango uko wazi.

Somo lake la pili lilihusu ukalimani. Alisema mkalimani ni bomba, na kilichoingia ndicho kinachotoka. Niliitikia kwa mdomo tu. Mnajua tulivyolelewa. Kwetu Ngazidja, mwanamume ambaye hajafanya ndoa kubwa hana neno bangweni, pale uwanjani wanapokaa wanaume kwa daraja zao, na mimi sikuwa nimeifanya, na hadi leo sijaifanya. Nimekua nikijua kushusha sauti. Neno kali halipelekwi kwa mkubwa likiwa uchi, unalivisha kwanza. Kwa hiyo Sugita akisema, "Ripoti hii ni ya uongo," mimi nilimwambia mkurugenzi wa wizarani kwa Kifaransa, "Bwana Sugita angefurahi kupata maelezo zaidi." Mikutano ilimalizika kwa tabasamu. Watu waliusifu sana ukalimani wangu, hasa wale ambao hawakuwa wameambiwa kitu.

Kisha tukahamia Mutsamudu, katika kisiwa kingine. Palikuwa na kituo kidogo cha mafunzo ya uvuvi ufukweni, nje kidogo ya mji, ambacho leo hakipo. Nilipanga chumba Hombo, karibu na hospitali, na wiki ya kwanza niliomba chumvi kwa ishara, maana Kindzuani cha pale na Kingazidja changu havikuwa vimefahamiana bado. Wanafunzi wetu walikuwa wavuvi watu wazima. Walikuwa wakijifunza kutumia mashua mpya za plastiki ngumu zenye injini, ambazo watu walikuja kuziita japawa, Japani na ngalawa zimeunganishwa. Sugita walimwita Fundi, kama tunavyomwita mwalimu yeyote.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa Madi Combo. Alizaliwa Majunga, huko Bukini, yaani Madagaska, akarudishwa mwaka wa 1977 pamoja na maelfu ya Wakomoro wenzake baada ya mauaji ya kule, yeye na mkewe na fuko moja la nguo. Hakuziamini injini. Kila akitoka alibeba kasia, na wenzake wakimcheka aliwaambia kasia halijawahi kuishiwa mafuta. Kwangu mimi Madi Combo alikuwa mtihani, kwa sababu alisema mambo kama yalivyo.

"Mwambie Fundi injini hii imetengenezwa kwa ziwa. Bahari yetu haijui," alisema siku moja.

Nikamgeukia Sugita. "Anauliza kama injini inafaa kwa bahari ya hapa."

Sugita alicheka. "Hakuuliza. Nimeuona uso wake."

Kwenye pete yangu kulikuwa na kadi iliyoandikwa takibi. Ilikaa tupu miezi mingi. Jumamosi moja alasiri mvua ilitupiga sote tukiwa tunavuta mashua nchi kavu. Ilipokatika, Sugita alivunja mbao za masanduku yaliyokuja na injini, akazipanga mchangani, akachomeka tambara lenye dizeli na kuwasha. Kisha akakaa chini, akanyoosha mikono kuelekea motoni, akanyamaza.

Sisi tukangoja. Kwetu moto wa nje ni wa kupikia au wa kuchoma takataka, na pale hapakuwa na chungu wala takataka. Mmoja alinong'ona kwamba Fundi ana homa. Mwingine alikwenda nyumbani akarudi na mashelisheli mawili, kwa kuona kwamba mgeni amealika watu na chakula amesahau. Madi Combo alisimama mbali, ameupa moto mgongo. Baadaye aliniambia kwamba Majunga aliona nyumba za majirani zake zikiungua. Mwishowe nilimuuliza Sugita tunangoja nini.

"Hatungoji kitu," alisema. "Hii ndiyo takibi. Moto wa nje ambao watu wanaukalia."

"Basi?"

"Basi."

Mashelisheli tuliyachoma hata hivyo, maana kuutazama moto mzuri vile ukipotea bure kulitushinda. Tulipokwisha kula, Sugita alitupa sheria yake: kwenye takibi hakuna fundi wala mwanafunzi, anayetia kuni ndiye anayesema, na anasema anachokiona. Watu wakatazamana. Wa kwanza kutia kuni alikuwa Madi Combo. Alikuja taratibu, akatupia kipande cha ubao kwa mbali, akasema mpira wa mafuta katika mashua ya pili umeanza kupasuka na wote wanaona haya kusema. Hilo nililitafsiri lilivyo, sikupata nafasi ya kulivisha nguo. Sugita akaenda kuangalia, akakuta ni kweli, akaubadilisha.

Tangu hapo kila Jumamosi tulikuwa na takibi. Nyuma ya kadi niliandika: moto wa kukaliwa. Niliona nimelimaliza neno lile.

Lilikuwapo sharti moja ambalo halikutoka kwa Sugita. Kikosi cha askari wa sare nyeusi kilichokuwa bandarini kilikataza moto wowote ufukweni jua likishazama. Wenyewe walikuwa wameingia nchini kwa bahari, walijua moto wa pwani unaweza kumwambia nini mtu aliye majini. Mkubwa wao alikuwa Mzungu tuliyemwita Kapteni. Jina lake silitaji kwa sababu sikulijua. Kwa hiyo takibi zetu zilizimwa kabla ya magharibi, na hatukuona tabu.

Sasa nafika pale ambapo kwa miaka yote hii nimekuwa nikipapita mbio.

Asubuhi moja Madi Combo na wenzake wawili walitoka na mashua ya pili kujaribu mishipi ya maji marefu. Walitakiwa warudi alasiri. Alasiri ikapita. Mawingu yakateremka kutoka milimani, mvua ikaanza, umeme wa mji ukakatika. Mbele ya kituo chetu kulikuwa na mlango mwembamba katika miamba, na aliyeukosa alikuwa anaipiga miamba yenyewe. Kwa mchana kila mtu aliujua. Kwa giza bila taa pwani, hata aliyezaliwa pale asingeuona. Mke wa Madi, Mama Nadjati, alikuja amejifunika shiromani, ile nguo ya wanawake wa pale, imelowa, akasimama kwenye maji mpaka vifundoni.

Sugita alikuwa ameshakusanya mbao zote za kituo, matairi mawili na debe la dizeli. Akanishika bega.

"Nenda kwa Kapteni. Mwambie jua likizama nawasha moto. Mwambie sababu yake, ili askari wake wasitupige risasi. Humwombi. Unamwarifu. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri kabisa. Nilikimbia njia nzima, na njiani nilikuwa nayarudia maneno yale kwa Kifaransa, yote, makavu kama alivyonipa.

Kapteni alikuwa mezani anakula. Aliinua macho, akaniangalia kuanzia miguuni penye matope. Shingo yangu ikainama yenyewe. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Bwana Sugita, kwa heshima zote, anakuomba, kama hutaona vibaya, umruhusu awashe moto kidogo ufukweni." Hilo neno kidogo nililitoa mfukoni mwangu mwenyewe.

Nilimweleza habari ya mashua. Akatafuna, akameza, akauliza, "Na nikikataa?"

Nilikuwa bado na nafasi, iko wazi mbele yangu. Ningesema: atawasha. Neno moja tu.

Nikasema, "Atakuelewa, Kapteni."

"Basi asubiri doria yangu irudi. Nitakuja kuangalia mwenyewe."

Akanipa askari wawili tuongozane, wahakikishe tunasubiri.

Sugita alipowaona wale askari alisimama. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Amesema nini?"

"Amesema tusubiri kidogo."

Alinitazama muda mrefu, mvua ikimtiririka usoni, kisha akawasha kiberiti. Askari mmoja alilipiga teke rundo la mbao, nyingine zikaingia majini. Sugita akazikusanya. Mwingine akamwelekezea bunduki, nami nikamshika Fundi mkono na kumwomba akae. Akakaa, kiberiti mkononi. Jua lilizama, magharibi ikaadhiniwa mjini, giza likawa giza. Mama Nadjati alikuwa akiita jina la mumewe kuelekea baharini, mara moja kila baada ya muda, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Kapteni alifika baada ya isha. Aliangalia rundo la mbao, akamwangalia mama yule, akasema kwa uchovu, "Washeni." Kisha akanigeukia na kusema maneno ambayo sijawahi kuyatafsiri kwa mtu yeyote mpaka leo. Alisema, "Sijui mliniomba ya nini. Huyu ni mgeni wa serikali. Angewasha tu, mimi ningemfanya nini?"

Dizeli ilishika, matairi yakashika, ufukwe mzima ukawa mweupe. Haukupita muda tukaona watu wawili wanakuja kwa miguu kutoka upande wa majabali, wamejikata miguu na mikono. Injini iliwafia mchana. Madi aliwarudisha kwa kasia lake mpaka mbele ya miamba, na pale wakawa wanakwenda na kurudi gizani, wanatafuta mlango. Wenzake walitaka kubahatisha. Yeye aliwazuia kwa muda mrefu. Aliwaambia, "Ngojeni. Fundi atawasha takibi." Alilisema neno hilohilo. Mwishowe mawimbi yalichoka kuwangoja, yakawatupa juu ya miamba, na wale wawili walipofika nchi kavu moto ulikuwa bado haujawashwa. Madi Combo tulimwona asubuhi, maji yamemtupa mchangani.

Nilirudi chumbani kwangu Hombo, nikatoa ile kadi, nikayakata kwa kalamu maneno niliyoyaandika nyuma yake. Sikuandika mengine.

Sugita hakuniuliza kitu, si siku ile wala baadaye. Alimaliza mkataba wake, akaniinamia kama siku ya kwanza, akaondoka. Mamluki nao wakaja kuondoka, miaka ilipogeuka. Mimi nikaendelea na kazi, na kutoka siku ile nilitafsiri kila neno kama lilivyotoka kinywani mwa mwenyewe. Ndiyo maana mmesikia hapo ofisini kwamba mimi ni mtu mkavu asiye na adabu. Mawaziri wawili waliomba wapewe mkalimani mwingine. Nawaambieni ninyi mnaobaki: mkubwa akikuangalia miguu, mwache aiangalie. Wewe sema ulichotumwa.

Lakini ushauri huo ni rahisi, na sikuyaandika yote haya kwa ajili yake. Kuna mtu mmoja ambaye sikuwa nimemwambia, na nilijidanganya miaka yote kwamba ni kazi inayoninyima nafasi. Nilipokabidhi ufunguo udhuru ukaisha. Nikaenda Mutsamudu.

Mama Nadjati bado anakaa Hombo. Ni bibi wa wajukuu sasa, magoti yanamsumbua. Nilimkuta barazani anapukuchua mbaazi katika sinia. Nikampa kwezi, ambayo ndiyo shikamoo yetu, akaniitikia "Mbona," akanitambua, akaagiza chai.

"Mama Nadjati, nimekuja kwa habari ya moto," nilisema.

"Moto upi?"

"Wa Fundi. Ule uliochelewa."

"Habari hiyo ninayo." Hakuacha kupukuchua. "Fundi mwenyewe alikuja siku ya arobaini. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia kwa Kindzuani chake kilichovunjika kwamba aliwaogopa Wazungu, akaenda kuwaomba ruhusa, na ndiyo maana moto ukachelewa. Akasema kosa ni lake. Alilia sana yule mtu. Nilimuuliza mbona hakuja na wewe umsaidie maneno, akasema habari hii haihitaji mkalimani."

Kumbe alijua. Alijua kila kitu, akaubeba mzigo wangu mpaka mlango huu, akautua hapa kwa jina lake, na mimi nikaenda kwangu nikalala.

Nikamwambia yote. Njia niliyoikimbia, maneno niliyopewa, maneno niliyoyasema, swali la Kapteni na jibu langu. Sikuyavisha nguo. Vidole vyake viliendelea na mbaazi mpaka nilipofika kwenye "Atakuelewa, Kapteni," hapo vikasimama.

Akauliza, "Fundi yuko hai?"

"Alifariki. Nilipata barua kutoka kwa binti yake."

Akatikisa kichwa taratibu, akaliweka sinia chini kwa mikono miwili.

"Yule mtu nilimsamehe kwa miaka mingi sana," alisema. "Kidogo kidogo, kila Ijumaa. Ilinichosha, lakini nilifika. Na sasa, nimezeeka hivi, unakuja kuniambia hakuwa yeye." Akanisogezea kikombe. "Kunywa chai yako, baba. Ijumaa nitaanza upya, na wewe. Sijui kama umri utanifikisha."